Amani ya chuo kikuu huanzia kwenye orodha ya vitanda

Vyuo vikuu vya huku kwetu Kenya vinapenda makongamano ya amani. Ukumbi hupambwa, mgeni wa heshima huchelewa saa mbili, hotuba zikaja moja baada ya nyingine, na ikifika saa nane mchana watu wako kwenye foleni ya pilau. Sina ugomvi na pilau. Ila ukitaka kujua kama chuo, kiwe Njoro, Maseno, Bondo au Kakamega, kinajenga amani kweli, hotuba ziache. Omba uonyeshwe orodha ya vitanda vya mwaka wa kwanza.

Wanafunzi wa serikali hupangiwa vyuo na KUCCPS, taasisi ya taifa ya kuwapangia wanafunzi nafasi vyuoni, na mpango huo unaweza kumtoa kijana Kwale ukampeleka Njoro, au kumtoa Garissa ukampeleka Bondo. Kazi hiyo ya kitaifa huweza kuharibika katika wiki ya kwanza. Wanafunzi wakiachiwa wajichagulie vyumba, waliosoma shule moja hukaa pamoja, waliotoka kijiji kimoja hufuatana, na kabla ya mwezi kwisha jengo lina jina la utani linalotaja kabila. Baada ya hapo mgombea wa uongozi wa wanafunzi hana haja ya sera. Anahesabu milango tu.

Dawa yake haigharimu pesa nyingi. Vitanda vigawanywe kwa kompyuta kabla wanafunzi hawajaripoti. Chumba cha watu wanne kisipokee zaidi ya wawili kutoka kaunti moja, wala zaidi ya wawili wa kozi moja. Tumia kaunti, usiulize kabila. Fomu ya chuo inayouliza kabila imeshaanza kufundisha somo ambalo hatulitaki. Wenye ulemavu na wagonjwa watengewe vyumba vya chini mapema, kwa maandishi, ili wasije wakashukiwa kwamba wamependelewa. Anayetaka kuhama asubiri hadi wiki ya sita, na pande zote mbili zitie sahihi.

Kinachoharibu mpango huu ni biashara ya vyumba. Mwanafunzi hupata kitanda, akakiuza kwa mwenzake, yeye akaenda kupanga nje. Chumba ambacho kwenye karatasi kina watu wa kaunti tatu, ukibisha hodi unakuta binamu wanne. Kwa hiyo wiki ya tatu lazima mtu apite mlango kwa mlango na orodha mkononi. Msimamizi wa hosteli asiwe peke yake. Aende na mwanafunzi mmoja asiyekaa jengo hilo.

Hata hivyo kulala chumba kimoja si uchawi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza mwaka 1954 kwamba watu wa makundi tofauti wakikutana, chuki hupungua zaidi pale wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na wakubwa wanaounga mkono jambo hilo. Vijana wanne wanaogombania mtungi mmoja wa maji hawana lengo moja wala kazi ya kushirikiana. Ndiyo maana kazi za darasani zina uzito kuliko tunavyodhani. Mhadhiri mwenye alama 30 za majaribio mkononi anaweza kutenga 10 kwa kazi ya kikundi cha watu watano, akakipanga yeye mwenyewe, na kila mmoja akapewa sehemu ambayo bila hiyo kazi haikamiliki. Akiwaachia wajipange, atapata vikundi vilevile vya hosteli.

Naanza na mambo haya madogo kwa sababu elimu ya juu yenyewe haina kinga dhidi ya damu. Ferdinand Nahimana alikuwa mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa redio RTLM iliyochochea mauaji ya 1994, na mahakama ya kimataifa ya Arusha ikamtia hatiani mwaka 2003. Hapa nyumbani, Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, na mmoja wa washambuliaji alikuwa amehitimu sheria chuo kikuu Nairobi. Shahada humpa mtu ufasaha. Ufasaha huo ataupeleka wapi ni suala jingine.

Uchaguzi wa wanafunzi ndio mtihani mkubwa. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliondoa kura ya moja kwa moja. Kila idara, skuli au kitivo huchagua wajumbe watatu ambao wenyewe si wagombea, na wajumbe hao ndio wanaochagua baraza la wanafunzi. Mwenyekiti na naibu wake lazima wawe wa jinsia tofauti. Nia ilikuwa kuvunja miungano ya makabila na kupunguza pesa za wanasiasa wa nje wanaotumia vyuo kama shamba la majaribio.

Nusu ya nia hiyo ilifaulu. Nusu nyingine ilizaa tatizo jipya, kwa sababu chuo chenye idara 20 kina wajumbe 60, na kununua watu 60 ni rahisi kuliko kununua 10,000. Mwenye pesa anaweza kuwakusanya wajumbe na kuwafungia hotelini hadi siku ya kura. Njia ya kumbana ni kufupisha muda: wajumbe wachaguliwe asubuhi, baraza lichaguliwe kesho yake. Kura zihesabiwe mbele ya mawakala, matokeo yaandikwe kwenye karatasi, yatiwe sahihi na kubandikwa mlangoni papo hapo, kama fomu 34A ya matokeo ya urais inavyobandikwa katika kituo cha kura cha taifa. Fujo nyingi huzaliwa katika zile saa kati ya kuhesabu na kutangaza, wakati masanduku yako mahali ambapo komredi hawezi kuyaona.

Walimu nao wasijifanye watakatifu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 7, inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Septemba 2016 wanasiasa waliandamana hadi Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kupinga kaimu naibu chansela, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa chuo, kwa kuwa hakuwa wa jamii ya eneo hilo. Mwanafunzi anayeona cheo cha juu kabisa cha elimu kikidaiwa kama shamba la ukoo hahitaji kufundishwa ukabila kwa chaki.

Kuhusu maandamano nitakuwa mkavu, maana hapa ndipo watu huumia. Visababishi vinajulikana: pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, zilizochelewa, alama za mtihani zilizopotea, maji, mwanafunzi aliyedungwa kisu au kugongwa na gari nje ya lango. Ibara ya 37 ya Katiba inaruhusu kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, apewe notisi siku tatu kabla, isizidi 14, na maandamano yafanyike kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Baraza la wanafunzi liwe na nakala ya notisi yenye mhuri wa kituo. Notisi ya kupigiwa simu ikikanushwa, hakuna ushahidi. Chagueni wasimamizi, mmoja kwa kila watu 50, wenye kitambaa cha rangi moja. Njia isipite sokoni. Duka moja la mama mboga likivunjwa, mgogoro wa wanafunzi na utawala unageuka kuwa wa wanafunzi na mtaa, na huo huchukua miaka.

Upande wa utawala, saa tatu za mwanzo ndizo zenye kuamua. Atoke mtu mwenye mamlaka ya kujibu, si ofisa wa usalama. Ajibu kwa ukurasa mmoja wenye tarehe: nini kitafanyika, na nani, kufikia lini. "Tunalishughulikia" si jibu, ni petroli. Kuita polisi ndani ya chuo kuwe jambo la mwisho, hasa Kisumu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100 baada ya uchaguzi wa 2007, ilikuta kwamba wengi wa waliouawa Nyanza walipigwa risasi. Watu wa Kondele na Nyalenda, mitaa ya Kisumu, hawahitaji kukumbushwa, na mwanafunzi aliyezaliwa baadaye amesimuliwa. Kufunga chuo na kuwapa wanafunzi saa moja kuondoka nako ni kuhamisha moto tu: maelfu wako barabarani, nauli imepanda, uvumi umepanda matatu pamoja nao.

Kuna eneo ambalo naona vyuo vinalala kabisa, na ni la idara za Kiswahili na lugha. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Ndani yake yalikuwemo "madoadoa", "kwekwe" na hata "hatupangwingwi". Kosa la matamshi ya chuki lina adhabu ya hadi miaka mitatu gerezani, faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Orodha kama hiyo huzeeka haraka. Madoadoa ni neno la chui, la kitambaa, la ng'ombe. Programu ikipewa kazi ya kulitafuta mtandaoni itamkamata muuza vitenge na daktari wa mifugo, huku mchochezi akiwa ameshahamia neno jingine. Lakini mtu wa Molo au Kuresoi, ambako watu walifukuzwa mashambani 1992 na tena 2008, akisikia "tutoe madoadoa" jukwaani hafikirii ng'ombe, anafikiria jirani wa kabila jingine.

Hiyo ni kazi ya mwanaisimu. Chukua wanafunzi sita wenye lugha za mama tofauti. Kila wiki walete misemo waliyosikia kwenye mikutano, redio na vikundi vya WhatsApp. Kwa kila msemo wajibu: nani amesema, aliwaambia kina nani, anataka wafanye nini, na neno hilo lilitumika vipi zamani. Majina ya watu binafsi yafutwe kabla ya kuhifadhi. Wakifanya hivyo kuanzia mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, wataona neno likibadilika kutoka mzaha hadi amri, na hapo ndipo kamati ya amani ya kaunti inapaswa kupigiwa simu. Wakianza mwezi wa uchaguzi wamechelewa, tena watakuwa na upande.

Halafu kuna mafunzo ya nyanjani. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kile cha Kakamega, kina masomo ya amani na migogoro, na eneo zima hili ni darasa, kwa bahati mbaya. Kuna Mlima Elgon na shamba la Chebyuk, kuna Nessuit na Marioshoni karibu na Egerton, chuo cha Njoro, kuna mpaka wa Kisumu na Nandi kwenye miwa ya Muhoroni. Nichukue Sondu, mji wa soko ulioko mpakani mwa Kisumu na Kericho, ambako Waluo na Wakipsigis hununuliana bidhaa leo na kesho wakakimbizana. Ukiuliza juu juu, utaambiwa ni ukabila. Ukikaa, utasikia habari za mpaka uko wapi, wizi wa mifugo, na nani anakusanya ushuru wa soko.

Timu mbili za watu wanne zinatosha, kila moja ikiwa na mzungumzaji wa Kijaluo na wa Kipsigis. Kwanza kibali cha kamati ya maadili ya chuo na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha barua kwa machifu wa pande zote mbili, siku moja, maana chifu atakayepata barua mwisho atajua. Nendeni mara tatu: siku ya soko, siku isiyo ya soko, na Jumapili baada ya ibada. Msikilize kila upande peke yake kabla ya kuwakutanisha. Andikeni kauli katika safu moja na haja iliyo nyuma yake katika safu nyingine. "Hawa waondoke" ni kauli. "Nataka kibanda changu kisichomwe" ni haja. Akina mama wanaouza omena na viazi waulizwe mapema, si mwisho baada ya wazee, kwa kuwa wao huona wateja wa upande wa pili wakipungua siku kadhaa kabla ya jiwe la kwanza kurushwa.

Makosa ya kawaida ni haya. Gari la chuo kuegeshwa upande mmoja kutwa nzima. Kuuliza "nani aliua?" mbele ya umati. Kuandika majina kamili kwenye daftari ambalo mtu anaweza kulipora. Kulipa posho upande mmoja zaidi ya mwingine, hata kama ni kwa bahati mbaya ya nauli.

Kosa kubwa zaidi ni kutorudi. Ripoti ifupishwe kurasa mbili, isomwe kwa lugha zote mbili pande zote mbili za soko, na nakala ziachwe kwa machifu na kwa kamati ya soko. Nyingi huishia kabatini idarani, na sababu yake ni kalenda kuliko nia mbaya: muhula ukiwa wa wiki 14 na mbili za mwisho ni za mitihani, ziara ya kwanza ikifanyika wiki ya nane hakuna muda wa kurudi. Leseni iombwe muhula uliotangulia, ziara ya kwanza iwe wiki ya tatu, na wiki ya 11 iandikwe kwenye ratiba tangu mwanzo kuwa ya kurudi Sondu.