Kikaratasi Chini ya Kiti

Fomu ya tukio niliitia sahihi bila kuisoma. Ilikuwa Desemba 2019, mtihani wa takwimu chuoni, na msimamizi alikuwa amesimama kando ya dawati langu ameshika kikaratasi kisichozidi upana wa vidole viwili. Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kuandika. Akaniambia weka sahihi hapa, nikaweka. Akakichukua kijitabu changu cha majibu, akanipa kipya nimalizie, lakini sikumbuki hata swali moja nililojibu baada ya hapo.

Nyumbani, Majengo ya Pumwani, Nairobi, wa kwanza kumwambia alikuwa binamu yangu. Tulijifungia chumbani nikamnong'oneza kwamba nimeshikwa na mwakenya. Ndivyo wanafunzi wanavyokiita kikaratasi cha kuibia mtihani. Tulipofungua mlango, Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda hapo nje, khanga ameikaza mkononi.

Bibi hakuijua lugha ya wanafunzi. Kwake yeye Mwakenya ni ile harakati ya siri ya miaka ya 1980, enzi za Moi, ambapo karatasi moja tu ilitosha kumpeleka mtu jela, na wengine walipitishwa kwanza vyumba vya mateso vilivyokuwa chini ya jengo la Nyayo House. "Mwanangu, umeingia siasa?" aliniuliza. Ilituchukua muda kumweleza. Alipoelewa, bado hakutulia. "Karatasi ni karatasi," alisema. "Wakisema ni yako, utawaambia nini?"

Januari barua ikaja. Ilinitaja kwa jina na nambari ya usajili, ikasema nilipatikana nikiwa na maandishi yasiyoruhusiwa katika chumba cha mtihani, ikanipa siku saba nieleze kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua, na tarehe ya kufika mbele ya kamati ya nidhamu. Adhabu zilitajwa pia: onyo, kufutiwa mtihani, kusimamishwa masomo, kufukuzwa. Macho yangu yalikwama kwenye neno la mwisho.

Binamu yangu alikuwa mwaka wa nne, akisomea sheria. Aliisoma barua ile huku anapigia mistari kwa penseli. Akanionyesha Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki na kupewa sababu kwa maandishi uamuzi ukimwumiza. Kisha akanionyesha sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza kifungu hicho: upewe taarifa mapema, usikizwe, uuone ushahidi watakaoutumia, umhoji anayekushtaki. "Kikaratasi chenyewe umekiona?" akaniuliza. Nilikuwa nimekiona mkononi mwa msimamizi tu. "Basi omba. Na uombe kwa maandishi." Tuliandika nakala mbili. Moja ilibaki ofisi ya mkuu wa wanafunzi, nyingine nikarudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya Februari 2020. Kwenye benchi la nje nilimkuta kijana mmoja na baba yake, mzee aliyevaa koti zito na kofia ameipakata magotini. Kijana aliitwa kabla yangu. Sidhani alikaa ndani dakika kumi. Alipotoka nilimuuliza walimhoji nini. "Nimeomba msamaha tu," akasema. Baba yake akamuuliza kama walimwonyesha hiyo simu wanayosema, kijana akatikisa kichwa. Hakuwa amewauliza. Mzee akavaa kofia yake, wakashuka ngazi. Namfikiria kijana yule hadi leo, kwa sababu mimi pia, bila binamu yangu, ningeingia na msamaha mdomoni.

Ndani walikuwa watu saba: mwenyekiti, walimu, mkuu wa wanafunzi, mwakilishi wa wanafunzi, na karani wa kuandika kumbukumbu. Mwenyekiti aliniuliza kama nina pingamizi na yeyote aliyeketi pale. Sikuwa nalo. Akasoma shtaka, akaniuliza kama nakiri au nakana. Nikakana. Sauti ilitoka ndogo mno, akaniomba nirudie.

Ndipo wakanipitishia kikaratasi, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo. Upande mmoja ulikuwa na fomula tulizosoma kweli, na moyo ulinishuka. Mwandiko ulikuwa wa kalamu nyeusi, mdogo kama mchanga. Chini kulikuwa na mfano umekokotolewa kwa nambari: 7, 17, 27, 37. Kila saba ilikuwa na mkato katikati. Nilizitazama saba zile kwa muda mrefu. Mimi sijawahi kuikata saba maishani mwangu.

Niliomba kijitabu changu cha majibu kifunguliwe. Kilikuwa pale mezani, ni sehemu ya ushahidi wao. Mwalimu mmoja alivaa miwani, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akampitishia jirani yake bila kusema neno.

Kisha nikaruhusiwa kumhoji msimamizi. Nilikuwa na maswali matatu, nimeyaandika kiganjani mwa akili kwa siku nyingi. Uliniona nikikisoma? La. Ulikitoa mwilini mwangu au juu ya dawati langu? La, kilikuwa sakafuni, chini ya kiti. Asubuhi hiyo kulikuwa na mtihani mwingine katika ukumbi ule? Alinyamaza kidogo. "Ndiyo, ulikuwepo. Wa mwaka wa pili." Alijibu kwa ukweli, na ninamshukuru kwa hilo. Lakini fomu yake ilisema nilipatikana nacho.

"Kwa nini basi ulitia sahihi?" mwenyekiti akaniuliza. Nilisema niliogopa. Sikuwa na jibu lingine.

Kamati haikutoa uamuzi pale pale. Ilikuwa ipeleke pendekezo lake kwa seneti ya chuo, nami nisubiri barua. Matokeo yangu yalizuiliwa. Halafu corona ikaingia, vyuo vikafungwa Machi, na kimya kikatanda.

Barua ilifika Mei kwa barua pepe. Amri ya kutotoka nje ilianza saa moja jioni, na Eastleigh, hatua chache kutoka kwetu, ilikuwa imefungwa. Nilimsomea Bibi nikimtafsiria: shtaka halikuthibitishwa, matokeo yaachiliwe. Akanisikiliza, akasema hataki ya kwenye simu. Kesho yake asubuhi nilikwenda kuichapisha, nikamletea. Akaniambia nimwonyeshe jina langu liko wapi, akaliwekea kidole. Kisha akaikunja mara mbili, akafungua sanduku lake la bati, akaitia chini kabisa, pamoja na kitambulisho chake.