Kidonge cha CML, na kwa nini siachi hata nikiambiwa nimepona

Nimechoka kuambiwa niache dawa. Kila nikienda kwenye shughuli hakosi mtu wa kunitazama juu hadi chini na kusema, "Mbona umenawiri hivi, bado unameza tu masumu hayo?" Wacha nieleze ninavyoishi na CML, saratani ya damu inayokwenda polepole.

Kwangu ilianza na bandama. Ubavu wa kushoto ulijaa, nikila vijiko viwili nimeshiba, na usiku jasho linalowesha shuka. Nilitibiwa malaria tena na tena, maana huku kwetu Tanga bandama ikivimba kinachofikiriwa kwanza ni malaria. Kijana mmoja wa maabara ndiye aliyeng'ang'ania nifanyiwe picha kamili ya damu. Seli nyeupe zilikuwa zimepita laki tatu kwa kila mikrolita ya damu, wakati mtu mzima mwenye afya huwa na kama elfu 4 hadi 11. Nikapewa rufaa ya Dar.

Nafundisha baiolojia, kwa hiyo daktari aliponichorea kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, nilimwelewa haraka. Namba 9 na namba 22 hukatika na kubadilishana vipande. Ile 22 iliyobaki fupi waliiona Peter Nowell na David Hungerford mjini Philadelphia mwaka 1960, na Janet Rowley wa Chicago akaonyesha mwaka 1973 kwamba vipande vimehamishana. Pale vinapounganika huzaliwa jeni iitwayo BCR-ABL, na protini yake huamuru seli zigawanyike bila kupumzika. Protini hiyo haifanyi kazi bila ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Brian Druker wa Oregon, akishirikiana na Nicholas Lydon na wenzake wa kampuni ya Ciba-Geigy, walifikia dawa inayojikita palepale ATP inapoingia, kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kitasa. Ndiyo imatinibu, kidonge ninachomeza. Majaribio kwa wagonjwa yalianza 1998, na kati ya watu 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 hesabu ya damu yao ilirudi kawaida. Marekani iliidhinisha Mei 2001. Nilipoyasoma hayo nililia, kwa sababu ningeugua kabla ya dawa hii kuwepo ningekuwa nahangaikia sindano za interferoni au kupandikizwa uboho.

Sasa sikilizeni. Kidonge kinaizuia protini, jeni hakiifuti. Seli chache zenye BCR-ABL hujificha kwenye uboho hata damu ikionekana safi kabisa. Wapo wanaosimamishwa dawa baada ya miaka mingi ya majibu mazuri sana, huku wakipimwa mara kwa mara, lakini uamuzi huo ni wa daktari na maabara, haufanyiki barazani.

Kazi kubwa ilikuwa kichefuchefu. Niliambiwa nimeze asubuhi na chai, na maandazi yote yakarudi. Nikajaribu uji, nao ukarudi. Maziwa ndiyo kabisa, hata harufu yake sikuistahimili. Nilichokuja kugundua ni chakula kizito cha usiku: wali au ndizi za kuchemsha, nusu sahani kwanza, halafu kidonge na bilauri kubwa ya maji, kisha namalizia nusu iliyobaki. Baada ya hapo silali, nakaa kitako nikisahihisha madaftari hadi tumbo litulie. Kichefuchefu kiliisha, ukabaki uvimbe wa macho asubuhi na mikazo ya misuli ya miguu, ambayo nayo nimeizoea. Ramadhani haikunisumbua hata kidogo, kwani dawa ni mara moja kwa siku na daktari aliniruhusu nimeze baada ya futari.

Mjomba wangu, mtu ninayemheshimu sana, aliniletea chupa ya mizizi. "Mwanangu, hii inasafisha damu." Nilimpokea kwa adabu, nikamwomba niende nayo kwanza kwa daktari, na daktari akakataa. Imatinibu huvunjwavunjwa na ini, na mitishamba mingine huliharakisha ini au kulichelewesha, ukajikuta dawa imepungua au imezidi mwilini. Balungi nalo limo katika vya kuepuka. Na kina dada, msishike mimba kabla ya kuongea na daktari, dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Dawa napata bure kupitia mpango wa msaada. Kwa wasiojua, Novartis, kampuni ya dawa hii, na shirika la The Max Foundation ndio waliofungua njia hiyo kwa nchi nyingi zenye kipato kidogo. Gharama yangu ni nauli na malazi, kama laki hivi kila safari. Kwenye basi vidonge hukaa mkobani, sivipeleki kwenye buti. Kipimo cha BCR-ABL siku hizi kinaweza kufanyika kwa mashine ileile ya GeneXpert inayopima kifua kikuu, kwa hiyo ulizeni hospitalini kwenu kabla ya kukubali kungoja sampuli isafirishwe nje.

Majibu yangu ya karibuni ya BCR-ABL yamesoma chini ya asilimia 0.1. Nimeondoka na dawa za miezi mitatu, na nitazimeza zote.