Amplifaya ilikuwa nzima

Kanisa moja upande wa Veyula walinipigia juzi: amplifaya imekufa, na kamati imeshaanza kuchangisha wanunue kubwa zaidi. Niliwaomba wasitoe hata shilingi kabla sijafika. Sadaka ya huku inatoka kwenye alizeti na zabibu za watu, na mvua ikigoma kila mfuko unakonda.

Leo nimeenda. Dalili zenyewe zilikuwa zinaongea. Mtu akisoma somo taratibu, sauti inatoka vizuri. Mhubiri akipaza, taa nyekundu ya protekti inawaka, kimya. Baadaye inarudi, halafu inakata tena. Amplifaya iliyokufa haifanyi hivyo, hiyo inajilinda. Nikachomoa laini yote ya ukumbini, nikaunga spika yangu ya majaribio kwenye terminali ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), nikaweka kwaya kwa sauti kubwa. Ikapiga bila kusita.

"Kumbe nzima, fundi?" mzee wa kanisa akauliza.

"Nzima kabisa, baba. Tutafute kwenye nyaya."

Mfumo wao ni wa volti 100: amplifaya ya wati 120, spika 8 za ukutani na spika moja ya honi juu ya paa, zote kwenye jozi moja ya waya. Kila spika ina transfoma yake yenye tepu za wati, yaani sehemu za kuunga waya zinazochagua spika ivute wati ngapi. Naupenda sana mpangilio huu. Kwa volti 100, wati 120 zinahitaji ampea 1.2 tu, kwa hiyo waya mwembamba unafika mbali bila kula sauti. Ila sharti ni moja: chochote kinachoungwa kwenye laini hiyo kipitie transfoma.

Hapa mita ya kawaida inaweza kukupoteza. Inapima kwa umeme wa betri, hivyo inasoma ukinzani wa waya uliozungushwa ndani ya transfoma, si mzigo ambao sauti inakutana nao. Spika iliyowekwa tepu ya wati 10 ni mzigo wa omu 1,000, lakini mita itakuonyesha namba ndogo mno, na zikiwa nane pamoja inashuka hadi udhani kuna shoti. Ndiyo maana sikuihukumu laini nzima kwa namba. Niliikata katikati, nikajaribu nusu ya mbele: safi. Nusu ya nyuma: taa nyekundu. Nikaendelea kugawa hadi ikabaki honi.

Nikapanda. Mabati yalikuwa ya moto hata kuyashika shida. Honi ilikuwa mpya, rangi haijapauka, na kibandiko nyuma kinasema omu 8. Transfoma hakuna. Ya zamani iliungua, mtu akaja akafunga hii waya kwa waya. Volti 100 zikikutana na omu 8 zinadai wati 1,250, na amplifaya ina 120. Sauti ikiwa ndogo, volti nazo ni ndogo. Ndiyo maana somo lilisikika na mahubiri yakakatika. Waumini siwalaumu, honi zote kwa mbele zinafanana. Fundi anayeshuka ngazi bila kusoma kibandiko ndiye anayeniuma, kwa sababu bibi zetu wanaokaa karibu na mlango wamekuwa wakimaliza ibada bila kusikia neno.

Tukatafuta honi yenye transfoma mjini, nikaiweka tepu ya wati 15. Spika 8 za wati 10 ni 80, jumla 95. Huwa naiachia amplifaya nafasi ya asilimia 20, na kwa 120 kikomo changu ni 96. Mchungaji akaomba spika nyingine kwenye chumba cha watoto. Nafasi haikuwepo, lakini spika mbili za karibu na mimbari zilikuwa zinapiga kelele bure, tena ndizo zinazoleta mlio wa maiki. Nikazishusha hadi wati 5 kila moja. Ya watoto ikaingia kwa wati 10, jumla ikabaki 95, na mahesabu yote nimeyaandika kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mlango wa kabati la amplifaya.