Jumanne usiku, simu juu ya kanga

Mama alinionya nisimtajie mjomba neno "baa". Kwa hiyo mwaka mzima, kila Jumanne usiku, nilikuwa "kwenye muziki", basi. Siri ikavuja siku simu ilipoteleza ikaonyesha dari, kisha kaunta, kisha bilauri za bia nyeusi zimepangwa kama askari wa gwaride. Mjomba, aliyepiga fidla kwenye taarabu za Tanga tangu ujana wake, hakusema lolote juu ya bia. Aliuliza: "Mwanangu, huyo wa fidla mbona kaishikia kifuani? Hakuwa na wa kumfundisha?"

Naishi Ennis, mji wa jimbo la Clare, magharibi mwa Ayalandi. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba moja nje kidogo ya mji. Na kabla hujaniuliza: sinywi. Huku ukiagiza chai baa unaletewa birika lako la bati na maziwa pembeni, hakuna anayekushangaa.

Kinachofanyika hapo Jumanne wenyewe hukiita sesheni. Hakuna jukwaa, hakuna spika, hakuna kiingilio. Wapigaji, siku nyingine watano, siku nyingine kumi na wanne, wanaizunguka meza ya pembeni, nusu yao wamewapa wateja mgongo. Mmoja anaanza lahani; anayeijua anaingia, asiyeijua anashika bilauri yake anangoja. Lahani nyingi zina sehemu mbili, na kila sehemu hupigwa mara mbili. Mimi huziona kama ukwapi na utao, zile nusu mbili za mshororo wa shairi. Wakishaizungusha mara tatu hivi, mtu anainua kichwa au anaguta "hup!", na wote wanarukia nyingine bila kupumua. Kuna fidla, filimbi ya bati, fluti ya mbao, banjo, konsatina, yaani kinanda kidogo cha mkononi cha kuvuta na kubana (Clare ndiyo kwao konsatina), na bodhrán, ambayo ni dufu la ngozi ya mbuzi linalopigwa kwa kijiti. Mara moja moja anakuja bwana wa zumari la mfuko, lile la Kiayalandi lisilopulizwa kwa mdomo. Hewa inatoka kwenye mvukuto uliobanwa chini ya kiwiko. UNESCO waliliingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2017. Mwenyewe ukimpongeza kwa hilo anakwambia bado halijakubali kukaa kwenye sauti yake siku ya mvua. Na huku mvua ndiyo hali ya hewa.

Nilianza kurusha sesheni mtandaoni kwa simu kwa ajili ya mtu mmoja. Kati ya wazee ninaowatunza kuna mmoja (jina silitaji, kazi yangu hairuhusu) aliyepiga fluti kwenye meza hiyohiyo kwa miaka 40. Miguu imegoma, pumzi imepungua. Jumanne ikifika jioni alikuwa anadai koti lake. Tunamvika, anakaa nalo kitandani mpaka usingizi umchukue. Nikaona hapana. Nikaomba ruhusa kwa binti yake aliyeko Boston, nikaomba kwa wakubwa zangu kazini, kisha nikaenda kuomba mezani.

Mezani ndipo palipokuwa pagumu. Hawakukataa, walinyamaza tu, na nimeishi huku vya kutosha kujua kwamba kimya hicho hakina "ndiyo" ndani yake. Baadaye nilielewa. Baa zilipofungwa kwa ajili ya korona, Machi 15, 2020, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, walijaribu kupiga pamoja kila mtu akiwa jikoni kwake, kwa video. Haiwezekani. Sauti inachelewa kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha: huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri huyu, rili, lahani ya ngoma ya kasi, inazorota mpaka inageuka wimbo wa msiba. Wakaishia mmoja kupiga na wengine kuzima maikrofoni, kila mtu akimfuata peke yake na ukuta wake. Kioo cha simu kwao kina harufu ya mwaka ule.

Mwishowe mama wa konsatina akatoa masharti. Irushwe kwa huyo mzee tu. Simu ikishawekwa isisogezwe, watu hawapendi kuvamiwa usoni. Na mtu akiimba, izimwe.

Jumanne ya kwanza niliiweka dirishani. Kule kwenye tableti mzee alisikia bodhrán na vicheko vya watalii, basi. Jumanne ya pili programu yenyewe ikatuangusha. Imetengenezwa kwa ajili ya maongezi, kwa hiyo sauti inayovuma mfululizo bila kukatika inaihesabu kuwa kelele, kama feni, na inaifuta. Zumari lilipoanza kuvuma, likafutwa. Mzee akaona vidole vinacheza, watu wameachama vinywa, na kimya. Kuna swichi ya kuzima usafishaji huo, imefichwa ndani kabisa ya mipangilio. Ilinichukua wiki tatu kuipata.

Kisha nikanunua maikrofoni ndogo ya kuchomeka kwenye simu, nikaiweka katikati ya meza. Ikaokota kila mguu uliogonga sakafu na kila bilauri iliyotuliwa, kana kwamba kuna fundi anapigilia misumari. Dawa ikawa kanga. Ninayo moja ya zamani, imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Nikaikunja mara nne, nikaweka maikrofoni na simu juu yake. Misumari ikaisha. Mama wa konsatina akataka kujua maandishi yanasemaje. Nilipomfasiria alicheka peke yake kwa muda mrefu, akasema yupo mpiga banjo mmoja anayestahili kushonewa shati la kitambaa hicho.

Kosa langu kubwa lilikuja katika mwezi wa pili wa kurusha. Wapigaji walipumzika, nikatoka nje kuzungumza na mama kwa simu yangu ya pili, ile ya kurushia nikaiacha inaendelea. Kwa dakika 20 meza ikaongea: nani kauza shamba, kwa bei gani, mtoto wa nani karudi kutoka Australia bila mke. Na wakati huo kiungo cha kutazamia kilikwishatembea. Binti wa Boston alimpa shangazi yake, shangazi akawapa watoto wake, mmoja yuko Perth. Kabla ya chakula cha mchana siku ya pili, aliyeuza shamba alijua kila neno alilosemwa. Nilizunguka kuomba radhi mtu mmoja mmoja. Wiki mbili hatukurusha kitu.

Lakini mzee! Nilipoingia zamu asubuhi ile nilimkuta ameketi wima, macho yanang'aa. Akaniambia huo ndio usiku bora tangu nianze upuuzi wangu huu. Lahani anazo kichwani, mia kadhaa, akitaka anazipiga hata usingizini. Ambacho hakuwa nacho ni bei ya shamba.

Tukarudi mezani kwa mazungumzo mapya. Sasa kuna njia mbili. Moja ni ya mzee na watu wake wachache, kwa neno la siri, usiku kucha na umbea wake wote. Nyingine ni ya kila mtu: lahani tu, ninazozikata na kuzipandisha Jumatano nikitoka kazini. Hiyo ya pili ikipata watazamaji 50 nafurahi. Mtandao mmoja uliwahi kunifungia sauti ya rili nzima ukidai ni mali ya kampuni ya kurekodi, rili ambayo babu wa babu yake mpigaji alikuwa akiichezea. Niliandika barua, nikajibiwa na mashine.

Kuimba ni jambo jingine kabisa. Yupo mama anayeimba kwa Kiayalandi, peke yake, amefumba macho, jirani yake kamshika mkono anauzungusha polepole kama anavuta maji kisimani. Baa yote inatulia, hata kaunta hawamimini. Hapo simu naigeuza kifudifudi juu ya kanga. Wa Boston huandika kulalamika kwamba anaona giza. Alalamike.

Huwa naulizwa, hasa na Waayalandi walioko ng'ambo, kama mambo haya ya simu hayaharibu desturi ya kale. Baa yenyewe si ya kale kihivyo. Muziki huu ulikuwa wa jikoni na wa ngoma za majumbani. Sheria ya kumbi za dansi ya mwaka 1935 ikazibana ngoma hizo, na mapadri wakashangilia. Sesheni ya baa kama tuionavyo leo ilishika mizizi baada ya Vita Kuu ya Pili, sana miongoni mwa vibarua wa Kiayalandi kule London, watu waliopanga chumba kimoja na hawakuwa na jiko la kukaribishia mgeni. Na kabla ya hapo, Michael Coleman, mpiga fidla wa jimbo la Sligo aliyehamia New York mwaka 1914, alirekodi santuri huko miaka ya 1920 na 1930. Zikarudi nyumbani kwenye masanduku na vifurushi, na vijana wa vijiji ambavyo hakuwahi kuvikanyaga wakaanza kupiga kama yeye. Mezani kuna wanaomwabudu, kuna wanaosema alizima mitindo ya vijiji vyao. Ubishi huo nimeurusha mara tatu.

Nilipomsimulia mjomba habari za Coleman hakuhitaji maelezo marefu. Naye nusu ya fidla yake aliifundishwa na santuri za Misri.

Binamu zangu wa Dar wao hawana subira. Mbona hawatutazami? Mbona hakuna anayeinuka kwenda kuwatunza pesa? Mbona nyimbo zote ni moja? Hilo la tatu siwalaumu, miezi minane ya mwanzo hata mimi sikuweza kutofautisha jigi, aina nyingine ya lahani za ngoma, na jigi. Mjomba alitofautisha usiku wa kwanza. Alinipigia akavumisha kwa mdomo mahali hasa walipohama, kisha akaniuliza mbona siandiki majina.

Nikaanza kuandika majina. Shida ni kwamba lahani nyingi jina lake limepotea, na zikiwa hivyo wenyewe huandika Gan Ainm, yaani "bila jina" kwa Kiayalandi. Nami nikaandika vivyo hivyo. Baada ya mwezi ikaja sauti ya mjomba kwenye simu: "Shikamoo zako nimezipokea. Sasa niambie, huyu bwana Gan Ainm ni mtu wa wapi? Maana nzuri zote ni zake. Yu hai?" Nilimwacha wiki nzima ndipo nikamweleza, Mungu anisamehe. Mezani siku hizi wakimaliza seti nzuri wananyanyua bilauri kumwombea Gan Ainm maisha marefu.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za huku zilirudishwa nyuma, kwa hiyo saa tatu na nusu yetu ya usiku, iliyokuwa saa tano na nusu ya Tanga, sasa ni saa sita na nusu. Mjomba, niliyempa neno la siri kwa idhini ya meza, analala baada ya swala ya isha na kutega kengele. Mwezi uliopita alinitumia jigi moja ya huyo Gan Ainm aliyojifunza mwenyewe, kaipiga kwa mikono ya taarabu, inapinda pale ambapo huku hunyooshwa. Nikaipeleka kazini. Mzee akaisikiliza kwa sikio la kushoto, lile zima. Akaomba irudiwe. Akagonga chuma cha kitanda kwa kidole mpaka mwisho, kisha akaniuliza huko Tanga shamba linauzwa bei gani.