Tabasamu usoni, nakala kwa utumishi

Jumatatu meneja wangu kanisimamisha penye mashine ya kahawa, kaniulizia watoto, tumecheka vizuri tu. Narudi mezani nakuta barua pepe yake: "Kama tulivyozungumza, nina wasiwasi na kasi yako ya kazi." Nakala kwa watu wa utumishi. Tulizungumza lini? Tumeongea habari za watoto!

Hii ndiyo Uingereza, ndugu zangu. Kwetu bosi akikuchoka utajua tu: atafoka mbele za watu, atakuhamishia kituo cha mbali, na mzee wa kukuombea radhi hakosekani. Hapa hakuna anayepaza sauti. Fitina inaandikwa kwa adabu, ina tarehe, na siku ya kikao unakuta faili zima linakusubiri.

Wazawa wakifanyiwa hivi wanasonya na kutafuta kazi kwingine. Mimi nipo kwa viza ya Skilled Worker, yaani viza ya kazi ya wenye ujuzi inayotegemea mwajiri anayekudhamini. Mwajiri akinitoa, anatakiwa kuiarifu serikali ndani ya siku 10 za kazi. Barua ya Home Office, wizara ya mambo ya ndani, ikishatoka, kwa kawaida nabaki na siku 60 za kupata mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini wageni, la sivyo nifunge mizigo mimi na familia. Meneja analijua hilo. Ndiyo maana hana haja ya kufoka.

Nami nikamjibu palepale: "Asante. Nakumbuka tulizungumzia familia tu. Naomba unitajie kazi zilizochelewa." Nakala kwa haohao. Hajajibu mpaka leo, ila salamu zimepungua. Safi kabisa.

Wewe unayejiandaa kuja, jiunge na chama cha wafanyakazi mapema, maana mgogoro ulioanza kabla hujajiunga vyama vingi haviugusi. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, sheria inakuruhusu kwenda na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Usijitie ushujaa ukaingia peke yako. Kubaguliwa kwa rangi au asili, Equality Act ya 2010, yaani sheria ya usawa, inakulinda tangu siku ya kwanza. Na yule Mwafrika mwenzako anayekuita "kaka" kantini, mpime kwanza. Wangu ndiye aliyepeleka habari kwamba naomba kazi kwingine.

Kuacha kazi kwa hasira ndiko wanakokutaka, uondoke mwenyewe wasikulipe kitu. Mimi siandiki barua yoyote ya kuacha. Wakinichoka, waandike wao, na sababu waitaje.