Injini ya kirikuu kwenye pikipiki: kazi yote iko kwenye difu

Machalii wa toyo, yaani bodaboda, wakiiona pikipiki yangu pale Mbauda, Arusha, wote huinama kutazama injini. Difu, lile boksi la gia kwenye ekseli ya nyuma ya gari, hawana habari nayo, wakati ndiyo iliyoninyima usingizi. Injini yenyewe ni ya Suzuki Carry, kirikuu hizi zinazobeba ndizi na mchanga mji mzima: F6A, silinda 3, sisi (cc) 657, ya kabureta. Niliichagua kwa sababu spea zake Arusha hazisumbui na mafundi wengi wa mtaani wanaijua.

Wapo waliofanya makubwa. Mjerumani Friedel Münch alifunga injini ya gari la NSU kwenye pikipiki mwaka 1966. Brazil walikuja na Amazonas yenye injini ya Volkswagen, na Boss Hoss ya Marekani inabeba V8 ya Chevrolet. Sawa, lakini hao walikuwa na karakana zao. Mimi nilikuwa na fundi wa kuchomelea kule Unga Limited, mzee mmoja mwenye mashine ya kuchonga vyuma, na chesisi ya pikipiki kubwa iliyokufa injini, ambayo tuliirefusha katikati.

Kiini cha shida ni hiki: kwenye kirikuu nguvu inatoka gia boksi kwa propela, ile shafti ndefu inayoelekea nyuma, ila cheni ya pikipiki inataka ekseli iliyokaa kwa upana. Gari lenyewe lina kifaa cha kugeuza mzunguko huo, nacho ni difu. Tulikata upande wa kulia tukauziba, kushoto tukabakiza kipande kifupi cha ekseli, na mzee akachonga flenji, kisahani cha chuma cha kushika sproketi, lile gurudumu la meno la cheni. Zile gia ndogo za ndani, zinazoruhusu tairi moja kulipita jingine kwenye kona, tulizichomelea zishikane. Ukiziacha huru, nguvu yote inakimbilia upande usio na mzigo na pikipiki haisogei.

"Dogo, hii ukiifunga juu chini utakuwa na rivasi nne na gia moja ya mbele," mzee aliniambia huku akicheka. Kwa hiyo kabla ya kuchomelea mabano tulizungusha propela kwa mkono, tukaangalia sproketi inaelekea wapi.

Kwenye sproketi wengi wangeweka ndogo mbele na kubwa nyuma kama pikipiki ya kawaida. Hapa hapana. Difu imeshapunguza mzunguko na kuzidisha msukumo, hivyo sproketi ndogo ingeivuta cheni mpaka ikatike. Nimeweka mbili kubwa zenye meno sawa. Rimu ya kirikuu ni ya inchi 12, yangu ya nyuma ni 17, na tofauti hiyo pekee inatosha kuipa kasi zaidi kwa kila gia. Pikipiki haibebi tani ya mchanga, kwa hiyo haielemewi.

Injini nililaza vilevile inavyolala chini ya viti vya kirikuu, kwa sababu sampu (bakuli la oili) na kabureta vilitengenezwa kwa mlalo ule. Klachi ya mguu niliikataa mapema: ukisimama kwenye mlima, mguu mmoja uko kwenye klachi, mwingine kwenye breki, utajishikilia na nini? Nimetumia pampu ya klachi ya pikipiki kubwa, inasukuma silinda ndogo kwenye gia boksi, na mkono unaimudu. Gia nabadilisha kwa fimbo pembeni ya goti.

Halafu kuna mwinuko. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jeti, kile kitundu cha kupimia petroli, iliyokuja na kabureta ilimwaga petroli mpaka plagi zikawa nyeusi tii. Nilishusha jeti saizi moja, ikatulia. Rejeta imepata feni ya umeme, maana foleni ya Sakina haina upepo.

Makaratasi usiyaache mwisho. Kadi ina namba ya injini na ya chesisi, na ukibadilisha injini lazima Mamlaka ya Mapato (TRA) wajue.

Ukivuta resi ikiwa imesimama, pikipiki yote inataka kuinamia upande, kwa vile kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, imekaa kwa urefu. Ikishaondoka husikii kitu. Rivasi sikuitoa, na ukiniona sokoni Kilombero natoka kwenye maegesho kinyumenyume bila kushusha mguu, ujue naringa tu.