Kitambi na zile wiki 6

Leo nimeahirisha miadi ya upasuaji wa kupunguza tumbo kwa mara ya pili. Nia sijaiacha, niseme mapema, maana mdogo wangu akisoma hapa atashangilia kabla hajafika mwisho.

Suala ni tumbo. Ukikaa kutwa nzima kwenye kiti mwendo kama mimi, tumbo linakupakata mapajani. Chini ya mkunjo jasho halikauki, ngozi inawasha na kuwa nyekundu, na kila asubuhi naunyanyua, naufuta, naukausha taratibu. Nikieleza hivyo watu wananielewa. Nikiongeza kwamba nataka pia gauni linikae vizuri, nyuso zinabadilika. "Wewe tena? Urembo wa nini?" Utadhani kiti mwendo kilikuja na amri ya kuacha kujipenda. Hao tuwaache.

Aliyenitikisa ni daktari wa upasuaji. Alinilaza chali, tumbo likapotea karibu lote. Akanikalisha, likarudi. Akasema sehemu kubwa ya ninachokiona si mafuta. Tangu uti wa mgongo uumie, misuli ya tumbo haipokei amri tena. Imelegea, na matumbo yanasukuma mbele bila kizuizi. Mrija wa kunyonya mafuta hupita chini ya ngozi, juu ya misuli, na huchukua yaliyopo hapo tu. Hata wakininyonya lita 5, kiasi ambacho wapasuaji wengi wanasita kukivuka kwa siku moja, kilicho nyuma ya misuli kitabaki palepale. Miaka 11 nimekiita nyama uzembe, nikakilaza njaa, kumbe nilikuwa nakionea bure.

Kuna njia nyingine: kukata ngozi iliyozidi kuanzia nyonga hadi nyonga na kuishona misuli ivutane katikati. Inakaza kiasi, lakini misuli iliyopooza itaendelea kupooza. Baada ya hapo ni kama wiki 6 bila kunyanyua kitu kizito.

"Na mimi mwenyewe je? Si kitu kizito?" nikauliza.

Daktari akacheka, kisha akaacha.

Maana usiku naweka ubao kati ya kiti na kitanda, ngumi moja godoroni, nyingine kitini, nainamisha kichwa upande wa pili, najirusha. Choo, bafu, gari, kote ni hivyo hivyo. Katikati ya hayo najisukuma kwa mikono kila baada ya muda mfupi ili makalio yapumue, yasije yakachimbika kidonda nisichokisikia. Siku yangu nzima ni kunyanyua, na mzigo ni mimi.

Halafu kuna damu. Aliyepasuliwa huhimizwa kuamka na kutembea mapema, damu isigande miguuni ikapanda hadi kwenye mapafu. Mimi nitachomwa sindano za kuizuia isigande na kuvalishwa mashine inayokamua miguu, lakini hatari yangu inabaki juu kuliko ya anayetembea. Na ile nguo ya kubana ya baada ya upasuaji: ikijikunja mahali, mwenye hisia atalalamika. Mimi nitajua nikiona doa.

Kwa hiyo nimebadilisha ombi. Kiuno chembamba sikitaki tena. Naomba mkunjo ule wa chini tu ukatwe, misuli wasiiguse. Daktari amesema hilo linazungumzika, ila kovu litakuwa refu vilevile na msaada wa kuninyanyua nitauhitaji vilevile. Kovu halinitishi, ninayo makubwa zaidi mgongoni. Na kama gauni nalo litakaa vizuri, sitaomba radhi kwa mtu.

Jioni hii nimechora jedwali kwenye daftari, siku 42, asubuhi na usiku, nani atakuwepo kunihamisha. Asubuhi zimejaa hadi siku ya 16. Usiku kuna jina moja tu, la mdogo wangu. Alichukua kalamu akajiandika mwenyewe, mstari mzima, huku akinigombeza. Naye ana mgongo mbovu.